Kufumua Mbele ya Mteja

Uliiona. Usijifanye hukuiona. Kebo nyeusi pale kwenye kona ya duka la dawa, imelegea mpaka usawa wa paji la uso wako. Uliinamisha shingo kama mtu anayeingia kwenye mlango mfupi, ukapita, ukaendelea na hamsini zako. Kesho yake ukainama tena. Baada ya siku chache shingo ikawa imezoea, inainama yenyewe bila kukuomba ruhusa. Jioni ukafika nyumbani, intaneti inasuasua, ukasonya, ukazima ruta, ukaiwasha, ukasema "hawa watu wa mtandao bwana!" basi, ukalala. Hukujiuliza hao watu wa mtandao ni watu gani, wala kwa nini kebo inaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo katika mji ambao kila bango linakuapia kwamba kesho imeshafika.

Alikuwepo mtu mmoja aliyeshindwa kuipita kebo hiyo. Kwa kushindwa kwake nusura awauze wenzake wote, tena bure, bila hata kupewa soda.

Walimwita Nyoosha. Alikuwa fundi wa kebo wa kampuni ya simu, mtu mzima mwenye mvi za masikioni, na alikuwa na ugonjwa ambao hauna dawa: hakuweza kuona kitu kimekaa upande. Akienda msibani, kabla hajatoa pole, atanyoosha kwanza picha ya marehemu ukutani. Akikaribishwa chakula kwa watu, atapanga vijiko. Mkewe, mshonaji wa nguo, alikuwa akiwaambia wateja wake kwamba alichumbiwa kwa sababu ya upindo wa gauni. "Siku ile ulikuwa umenyooka," alisema. "Ungekuwa umekwenda upande, saa hizi ningekuwa na mume mwenye akili."

Kwenye nguzo ndiko ugonjwa wake ulikogeuka ufalme. Kila fundi wa faiba huacha kebo ya akiba juu ya nguzo, imekunjwa duara, ili siku ikikatika pawe na pa kuvutia. Wengine huikunja kama wanaofunga mzigo wa kuni. Duara la Nyoosha ungeweza kulipakulia chakula. Akimaliza alishuka, akarudi nyuma hatua kadhaa, akainua uso na kulitazama kama mtu aliyeoa jana. Wenzake walikuwa wakimngoja garini huku wakipiga honi.

Basi, kampuni ikapanuka. Faiba ikaingia mtaa huu, ikatoka mtaa ule. Kwenye mabango wakatundikwa baba, mama na watoto wenye meno mengi kuliko kawaida, wote wakiichekea kompyuta. Na kadiri mtandao ulivyorefuka ndivyo ajira zilivyofupika, muujiza ambao hata wakubwa wa kampuni hawakuweza kuueleza bila kutabasamu.

Siku moja mafundi wote wakaitwa karakana. Magari yalisogezwa, turubai likafungwa, viti vya plastiki vikapangwa, na Nyoosha, bila kuombwa, akavipanga upya. Akasimama Meneja wa Mabadiliko. Kampuni hiyo ilikuwa na Meneja wa Mabadiliko tangu zamani. Kilichokuwa kikibadilika ni meneja tu.

"Wanafamilia!" alianza.

Mtu akikuita mwanafamilia kazini, tena asubuhi, tena kwa kipaza sauti, shika mkoba wako.

"Wanafamilia, kuanzia mwisho wa mwezi, katika kampuni hii hakuna tena mfanyakazi." Akasubiri makofi. Hayakuja. Akajipigia mwenyewe. "Kuna wabia! Kila fundi atakuwa mbia wa huduma. Utakuwa na vifaa vyako, ratiba yako, ngazi yako. Simu ya hitilafu ikiingia, tunakuita. Isipoingia, unapumzika na familia."

"Mimi nilidhani familia ndiyo hii," akasema mtu wa nyuma.

Katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi akanyoosha mkono. Alikuwa mwanamke wa makamo, naye fundi, mikono yake ya kuunganisha nyuzi za kioo zilizo nyembamba kama unywele, na sauti yake ya kuvunja kokoto.

"Samahani, mheshimiwa meneja. Mbia akianguka kutoka kwenye nguzo, anaanguka na kampuni au anaanguka peke yake?"

"Swali zuri sana," akasema Meneja, kama wanavyosema wote wasio na jibu. "Mbia ni bosi wake mwenyewe. Atajipangia."

"Ajipangie kuanguka?"

Turubai likatikisika kwa kicheko. Meneja naye akacheka, maana kwenye mafunzo aliambiwa acheke.

"Na kadi ya matibabu?" akauliza Katibu.

"Mbia ana uhuru wa kutibiwa hospitali yoyote anayoipenda."

"Kwa kadi gani?"

"Kwa uhuru wake, dada yangu."

Hapo Nyoosha aliacha kutazama kamba ya turubai iliyokuwa imefungwa vibaya. Mkewe alikuwa na presha ya macho. Ugonjwa huo hauumi wala haupigi kelele. Unakula tu kuona kwako kidogo kidogo kutoka pembeni, kama panya kwenye mkate. Kilichokuwa kikiuzuia ni matone ya dawa, asubuhi na jioni, bila kuruka. Na kilichokuwa kikiyaleta matone hayo ni kadi ya kampuni, si kitu kingine. Mshonaji asiyeona ni mtu wa kukaa mlangoni akisikiliza cherehani za wenzake. Nyoosha alilijua hilo. Mkewe alilijua zaidi, ndiyo maana hakulitaja kamwe.

Mwisho wa mkutano kila mmoja akapewa fulana. Kifuani imeandikwa MBIA.

Nyoosha aliipokea akakumbuka mengine. Alipoanza kazi, wale kina mama wa swichibodi, waliokuwa wakiunganisha simu za mji mzima kwa vidole vyao, waliagwa kwa keki na saa ya ukutani kila mmoja, ili wajue vizuri muda waliopoteza. Wakaja watu wa vibanda vya simu. Hao walipewa miamvuli yenye nembo. Wakafuata mafundi wa nyaya za shaba, wakapewa chupa za chai. Kila mara iliambiwa hii ndiyo safari ya mwisho, wanaobaki wako salama. Na kila mara waliobaki walipiga makofi wakala keki. Nyoosha mwenyewe alikula vipande viwili.

Safari hii hawakula. Katibu aliwakusanya nje ya geti, na mafundi wakakubaliana kuweka vifaa chini mpaka kampuni ikubali ajira zao zibaki ajira. Sharti likawa moja tu, jepesi: asiguse mtu kebo. Asifunge, asifungue, asisogeze.

"Na wewe, kaka," Katibu akamgeukia Nyoosha, "hata ukiiona inaning'inia mpaka inakugusa pua."

"Mdogo wangu, kwani mimi mtoto?"

"Mtoto ningemfunga mgongoni nikajua yuko wapi."

Akaapa mbele ya watu. Aliapa vizuri, amesimama wima.

Kampuni ikaleta vibarua wa kandarasi. Vijana wa watu, wameshushwa kwenye lori, wakapewa kebo na ngazi mbovu, wakaambiwa tundikeni. Nao wakatundika kama mtu anayetundika kitu asichofundishwa na ambacho kesho hataulizwa. Ikawa kebo zinalegea, zinapinda, mitaa inakatika. Mgomo ukaanza kuuma pale hasa ulipotakiwa uume. Na siku moja Meneja akampigia Katibu simu, sauti imekuwa laini kama sabuni iliyolowa: njooni mchana tuzungumze, ajira zibaki, kadi zibaki, tutasaini. Katibu akachagua wa kwenda naye. Akamchagua Nyoosha, kwa kuwa alikuwa mkongwe kuliko wote na shati lake lilikuwa limepigwa pasi.

Asubuhi ya siku hiyo Nyoosha alikwenda duka la dawa kuchukua matone ya mkewe. Akayapata, akayatia mfukoni, akatoka. Hapo ndipo alipokutana na kebo yako.

Angekuwa na sababu nzuri tungemsamehe. Tungesema alimhurumia mgonjwa, au mpita njia angenaswa shingo. Hakuwa na sababu. Aliiona imelegea. Akatazama juu: duara la akiba limefumuka kama utumbo, na penye kona ya chuma cha nguzo kebo imepindwa kama shingo ya kuku anayechinjwa. Faiba ni mwanga unaopita ndani ya kioo. Ukiipinda namna ile mwanga unavujia pale pale, na mtaa mzima unakaa ukibonyeza simu kwa hasira. Nyoosha akapita. Akafika mbele kidogo. Akarudi.

Pembeni palikuwa na mchora mabango, yuko kwenye ngazi, anaandika ukutani kwa rangi nyekundu INTANETI YA KASI YA AJABU, na chini yake nambari ya huduma kwa wateja ya kampuni.

"Mjomba, niazime ngazi kidogo."

"Ya nini?"

"Nataka kuangalia tu."

"Ngazi ya kuangalia? Angalia ukiwa chini kama binadamu wenzako."

Lakini akashuka, akampa. Nyoosha akapanda na shati lake la pasi. Alijiambia atafunga tu, hatagusa kingine. Akafunga. Kisha akajiambia duara nalo limekaa vibaya, kulikunja hakuhesabiki kuwa kazi. Akalikunja. Kisha akailegeza ile shingo ya kuku, taratibu, kwa vidole viwili. Mwanga ukapita.

"Imerudi!" Msusi akatoka saluni na chanuo mkononi. "Jamani, imerudi! Baba, Mungu akuweke!"

Watu wakatoka madukani. Wakapiga makofi. Simu zikainuliwa juu. Nyoosha alishuka, akarudi nyuma hatua kadhaa, akalitazama duara lake. Kisha akawapungia mkono. Mungu amsamehe, aliwapungia mkono.

Mchana, ofisini, viyoyozi vinavuma, karatasi ya makubaliano iko mezani na Meneja ameshaishika kalamu. Simu yake ikalia kidogo. Akaitazama. Akatabasamu, safari hii bila mafunzo.

"Kabla sijasaini, dada yangu, tuangalie kitu."

Akakiweka kwenye skrini kubwa ya ukutani. Nyoosha akajiona: ngazi, kebo, makofi, mkono unapunga.

"Huyu ni nani?" akauliza Meneja kwa upole.

Katibu akalitazama shati la pasi kwenye skrini, kisha lile lililokaa pembeni yake.

"Bila gari la kampuni, bila amri, hata bila malipo! Kaona hitilafu, kajiita mwenyewe, kaja na ngazi yake."

"Ya kuazima," akasema Nyoosha. Sijui alidhani hilo litasaidia nini.

"Ya kuazima! Hata bora zaidi! Mzee wangu, wewe ndiye mbia wetu wa kwanza." Kalamu ikarudi mfukoni. "Sasa nyinyi mnasema haiwezekani, na mwenzenu ameshaanza. Mimi nisaini nini?"

Milango ya lifti ilipofunguka chini, Katibu akamgeukia.

"Kaka, si nilikwambia hata ikigusa pua?"

"Haikugusa pua. Ilikuwa imepinda."

"Ilikuwa imepinda," akarudia Katibu, kama daktari anavyorudia maneno ya mgonjwa asiye na matumaini. Akaenda zake.

Kabla jua halijazama kampuni ilikuwa imeshaitia video ile muziki na kuisambaza. *Mafundi wetu hufanya kazi kwa mapenzi.* Wenzake wakaanza kumpigia. "Shikamoo mheshimiwa mbia." "Bosi, kwangu bomba linavuja, mapenzi yako yanafika na huku?" Wa mwisho hakutania. Alisema tu, "Nina watoto, Nyoosha," akakata.

Nyumbani alimkuta mkewe kwenye cherehani, amesogeza uso karibu na sindano, anatafuta tundu kwa ncha ya kidole. Akamwekea matone mezani. Mkewe alikuwa ameshaiona video, mteja alimwonyesha.

"Ulipanda nguzo kwa ajili yangu?" akauliza bila kuinua kichwa.

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, mpana, umeachwa wazi kwa makusudi.

"Kidogo... mtandao wa duka la dawa..."

"Mwongo. Dawa ulikuwa nayo mfukoni." Uzi ukapita kwenye tundu. "Ulipanda ili upigiwe makofi. Umepigiwa. Yametosha kununua matone ya mwezi ujao?"

Nyoosha akakaa. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa vibaya kwenye kiti; safari hii hakukigusa.

"Niambie," mkewe akaendelea, "mteja akija kuchukua gauni, limekaa vizuri, anajitazama kwenye kioo, anageuka huku, anageuka kule, halafu anasema nitalichukua hivi hivi bila kulipa, si unapenda kushona? Mimi namfanyaje?"

"Unafumua."

"Nafumua wapi?"

"Mbele yake."

"Mbele yake. Kitambaa chake namrudishia kama alivyokileta. Uzi wangu narudisha kwenye kikebe. Simtukani, simchanii kitu chake. Nafumua tu, anatazama." Akakanyaga cherehani. "Na wewe si fundi?"

Asubuhi Nyoosha akaipiga pasi fulana ya MBIA, akaivaa, akampigia Katibu. Katibu hakuwa amemsamehe, lakini alikuja. Mchora mabango alikuwa amefika kwenye tarakimu ya mwisho ya nambari ya simu.

"Mjomba, ngazi."

"Leo tena unaangalia?"

"Leo narudisha."

Alipopanda, msusi akatoka anacheka. "Baba yetu wa mtandao huyoo!" Watu wakajaa. Simu zikainuliwa. Chini, Katibu akaishika ngazi kwa mikono miwili.

Nyoosha akafungua fundo la kwanza.

"Sasa baba, unafanya nini?" Msusi aliacha kucheka.

"Nafumua, mama. Jana niliwashonea bure, na bure hiyo wameigeuza kitanzi cha wenzangu."

"Sisi tumekukosea nini? Nina wateja wanalipa kwa simu!"

"Hamjanikosea. Mlipiga makofi tu."

Simu yake ikalia mfukoni. Akaiweka kwenye sauti ya nje, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa umeshika nguzo, na mtaa wote ukasikia: alikuwa Meneja, na kumbe habari ilikuwa imeshamfikia.

"Mzee, shuka! Nani kakuruhusu kugusa kebo?"

"Bosi wangu."

"Bosi wako mimi!"

"Hapana, mheshimiwa. Mbia ni bosi wake mwenyewe, ulisema karakana, watu walisikia. Nimejiomba ruhusa, nimejikubalia."

"Nitakushtaki kwa kuharibu mali!"

"Nairudisha kama vijana wako walivyoiacha. Kama hivyo ndivyo kuharibu, anza na wao. Au na wewe uliyewaleta."

Chini mtu alicheka, mwingine akatukana. Katibu, safari hii, alitazama juu.

Nyoosha akalifungua duara. Hilo lilimchukua muda kuliko yote. Vidole vyake vilikataa. Vilikuwa vikinyoosha huku yeye akivikataza. Mwishowe akaliachia. Kebo ikashuka, ikajikunja yenyewe kwenye kona ya chuma, pale pale, shingo ya kuku. Hakuikata wala kuikwaruza.

"Imekata," akasema msusi, kwa sauti ndogo.

Akashuka. Kwa mazoea akarudi nyuma hatua kadhaa, akainua uso, akaitazama. Ilikuwa mbaya. Ilikuwa mbaya kiasi cha kumtoa machozi mtu wa aina yake, na machozi yalimtoka, na aliyaacha yatoke mbele za watu akiwa amevaa fulana ya MBIA.

"Nitaikunja tena," akasema. "Nitaikunja vizuri mpaka muombe muitundike sebuleni. Siku nikirudi kuwa mfanyakazi, na huyu Katibu, na wenzangu wote. Wao wakilalamikiwa na sisi hawasikii. Wakilalamikiwa na nyinyi wanasikia. Nambari ile pale, rangi bado mbichi."

Msusi alisimama, akaitazama kebo, akamtazama Nyoosha, akautazama ukuta. Kisha akachomeka chanuo kwenye nywele zake na kuanza kubonyeza, anasoma tarakimu moja moja kwa sauti. "Haloo? Mimi mteja. Hapana, usiniwekee muziki. Nataka fundi wangu arudishwe kazini. Ndiyo, *wangu*. Andika hivyo hivyo."

Mchora mabango naye akafuta mikono, akatoa simu. Wawili hao tu.

Waliobaki walikuwa wakirekodi, na wewe ulikuwa mmoja wao. Ulisimama ng'ambo ya barabara, mkono juu, ukitafuta pembe nzuri ya kunasa machozi ya mzee wa watu. Video ilipoisha uliirusha kwa marafiki na alama za vicheko, ukainamisha shingo, ukapita chini ya kebo.

Mwisho wa mwezi bado haujafika. Kalamu ya Meneja bado iko mfukoni, na inaweza kutoka. Matone mezani kwa mshonaji yatafika mpaka hapo, hayatazidi. Kisha itakuwa zamu ya wale vijana wa lori, kisha itakuwa zamu yako, nawe utapewa fulana.

Basi acha kurekodi. Shusha mkono huo. Simu uliyoishika ilitengenezwa kwa ajili ya kupiga, ipige. Waambie hutaki mbia akuangukie mlangoni kwako, unataka mfanyakazi mwenye ajira na kadi yake. Wakikuwekea muziki, ngoja uishe. Wakikata, piga tena. Si kesho, si ukifika nyumbani. Sasa hivi, kabla hujainama.